Kama Nyimbo Zote Zipo Kwenye Simu, Mtangazaji wa Muziki wa Kale ni wa Nini?

Swali hili huulizwa na vijana, lakini wanaoliuliza kwa mkazo zaidi ni wenye vituo vya redio. Mkazi wa Chikongola, mjini Mtwara, akitaka kumsikiliza Mbaraka Mwinshehe usiku huu hana haja ya kusubiri ratiba ya kituo chochote. Anaandika jina kwenye simu na wimbo unakuja, kisha mwingine unafuata bila yeye kugusa kitu. Kwa nini basi kituo kimlipe mtu mshahara, kimtengee saa nzima ya hewani na kumpa studio, eti aje kupiga nyimbo ambazo kila mmoja anazo mfukoni? Jibu la sura hii ni kwamba katika muziki wa kale kinachopotea kwanza si sauti. Kinachopotea kwanza ni maarifa yanayoizunguka sauti, na hayo simu haiyahifadhi. Mtangazaji anayejua kazi yake ndiye huyahifadhi, akayapanga na kuyarudisha kwa wasikilizaji. Nitajaribu kuonyesha kwa nini kazi hiyo ni ya lazima, inafanywaje, na kwa nini mahali kama Mtwara inahitajika kuliko miji yenye maktaba kubwa za kanda.

Tuelewane kwanza: ni muziki gani?

Mzungu akisema muziki wa klasiki, fikra zake huenda kwa Bach, Mozart na Beethoven. Mhindi hufikiria raga, yaani mitindo ya sauti yenye kanuni zake, inayofundishwa na mwalimu kwa mwanafunzi miaka mingi. Mmisri atakutajia Umm Kulthum. Ukiziweka jamii hizi pamoja utaona zinakubaliana katika jambo moja: ni muziki wenye kanuni, unaohitaji kujifunza, ulioishi kuliko waliouanzisha, na ambao msikilizaji huufaidi zaidi kila anapouelewa zaidi. Kwa kipimo hicho sisi tunao mwingi. Kuna taarab asilia, ile ya vikundi kama Ikhwani Safaa ya Unguja iliyoanzishwa mwaka 1905, yenye udi, fidla, ganuni na mashairi ya vina na mizani. Kuna muziki wa bendi tunaouita zilipendwa. Na kuna ngoma za jadi, zikiwemo zile za Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wa kusini.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba ngoma na dansi ni muziki wa kuchezwa, si wa kukaa na kusikiliza kwa makini, kwa hiyo haustahili kuwekwa kundi moja na hao wakubwa wa Ulaya. Hoja hiyo haisimami. Muziki wa waltz wa ukoo wa Strauss, ambao okestra ya Vienna huupiga kila Mwaka Mpya na redio na televisheni za nchi nyingi huurusha kwa heshima zote, ulitungwa ili watu wacheze. Hakuna anayeudharau kwa sababu hiyo. Sindimba nayo ni ya kuchezwa, na ilichezwa hata mbali na kwao: baada ya uhuru ilipanda majukwaa ya kitaifa na kuingia katika shule za mikoa iliyo mbali na Wamakonde. Mamilioni ya Watanzania wanalijua jina lake na namna kiuno kinavyokwenda. Wanaoweza kukuambia kila ngoma katika ule mkusanyiko wa ngoma inasema nini na nyingine inajibu nini ni wachache mno. Hilo ni pengo la maelezo, na mtu wa kuliziba ni mtangazaji.

Sauti hubaki, maarifa huondoka

Chukua mfano wa Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Santuri ni sahani ya kuzungusha chini ya sindano. Zile za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulitosha dakika tatu na kitu tu. Kijana wa leo akikutana na rekodi hiyo kwenye simu anasikia mikwaruzo, sauti nyembamba ya mwanamke, maneno asiyoyashika vizuri, kisha kimya. Ataamua kwamba watu wa kale walipenda nyimbo fupi zinazokatika ghafla, na atahamia kwingine. Sauti ameipata, lakini wimbo haujamfikia.

Sasa weka mbele ya rekodi hiyohiyo maneno ya mtangazaji aliyejiandaa: «Sauti mnayokwenda kuisikia ilirekodiwa Bombay miaka ya 1920 ikielekea ukingoni. Mwimbaji alizaliwa Fumba, na kabla ya kujulikana alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza. Wimbo huu nyumbani Unguja ungekwenda muda mrefu, watu wakinyanyuka kutunza, ubeti ukirudiwa kwa kuombwa. Mtambo uliruhusu dakika tatu, kwa hiyo mnachosikia ni wimbo uliobanwa. Msiisubiri bendi kubwa, haipo. Sikilizeni vyombo vinavyomsubiri amalize mstari, kisha vinamjibu.» Maneno hayo hayachukui hata dakika moja. Aliyeyasikia anasikiliza kitu kingine kabisa, ingawa rekodi haikubadilika. Anajua mikwaruzo imetoka wapi, anajua ufupi umeletwa na nini, na amepewa jambo la kulitafuta kwa sikio.

Upande wa bara hali ni hiyohiyo, na ni ya hatari zaidi. Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 likawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazee wetu wanaitaja kama jina la ndugu. Kutoka hapo hadi vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, redio ya kusikilizwa bara ilikuwa hasa hiyo moja. Bendi zilikwenda kurekodi katika studio zake, na kanda zikabaki kwenye rafu zake. Mtangazaji wa enzi hiyo alifanya kila kitu: alisoma taarifa ya habari, akasoma salamu, akaingia kwenye kipindi cha Ugua Pole kuwaliwaza wagonjwa, akarudi na kipindi cha muziki, Misakato. Kwa kukaa na wanamuziki studio, yeye na fundi mitambo walijua mambo ambayo hayakuandikwa popote: nani alipiga gitaa la solo siku ile kwa sababu mwenye gitaa aliumwa, wimbo ulimlenga nani, kwa nini ubeti wa tatu uliondolewa.

Fikiria boksi la kanda ya zamani ya redio. Juu yake huandikwa jina la bendi, jina la wimbo, tarehe, na muda wake kwa dakika na sekunde. Taarifa hizo zinamtosha mpanga ratiba, lakini kwa anayetaka kuelewa hazifiki mbali. Kanda yenyewe nayo ina umri: ule unga wa sumaku unaobeba sauti huachana na plastiki yake taratibu, hasa kwenye joto na unyevu kama wa pwani, na mashine za kuipigia zinazidi kuwa adimu. Kanda inaweza kunakiliwa kwenye kompyuta ikaokolewa. Yaliyokuwa kichwani mwa mtangazaji aliyestaafu bila mtu kumuuliza hayana nakala.

Kwa ufupi hadi hapa: muziki wa kale una kanuni na historia, rekodi hubeba sauti bila kubeba maelezo, maelezo yalikaa kwa watu, na watu hustaafu na kufariki.

Maisha ya kazi yenyewe

Wengi hudhani kinachomfanya mtangazaji wa muziki huu ni sauti nzito na mapenzi ya nyimbo za zamani. Sauti husaidia, na mapenzi ni lazima, lakini ukitazama maisha ya waliodumu katika kazi hii utaona kilichowabeba ni maandalizi. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Karl Haas. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1913, akakimbia utawala wa Wanazi na kuhamia Marekani, na mwaka 1959 akaanza kipindi cha muziki wa klasiki kwenye kituo kimoja cha Detroit, mji wa viwanda vya magari. Kipindi hicho baadaye kilisambazwa kwa vituo vingi na kusikilizwa kwa miongo kadhaa. Haas alikuwa mpiga piano aliyesomea, na alikuwa na piano studio. Alipotaka kueleza kwa nini mtunzi fulani alibadili njia katikati ya wimbo, alikipiga kipande hicho polepole, akakieleza, kisha akaweka rekodi kamili. Hakumdhania msikilizaji kuwa msomi wala mjinga. Alimchukulia kama mtu mwenye akili timamu ambaye hajapata kuelezwa.

Kwetu mtangazaji hatahitaji piano, bali udi, gitaa au marimba, na mtu wa kuvipiga pale studio. Atahitaji pia muda ambao wenye vituo huona uchungu kuulipia. Saa moja ya kipindi cha namna hii, ikifanywa sawasawa, hula siku nzima au zaidi ya maandalizi: kusikiliza wimbo mara kwa mara, kupiga simu kwa mzee aliyekuwepo, kuandika upya sentensi tatu hadi ziwe moja, na kukata kila neno ambalo msikilizaji anayechambua mchele jikoni hatalishika. Uzuri wa kazi hii ni kwamba mtangazaji huongezeka thamani kadiri anavyozeeka. Mtangazaji wa nyimbo mpya akifika miaka hamsini huambiwa amepitwa. Huyu wa muziki wa kale, akiwa ameweka kumbukumbu zake vizuri, akifika umri huo ndiyo kwanza anaanza kuwa hazina ya kituo.

Kumbukumbu hizo si jambo la kubahatisha. Kwa kila wimbo anaourusha, anapaswa kuwa na kadi au faili lenye angalau haya:

– jina la wimbo kama wenyewe wanavyouita, si kama lilivyokosewa mtandaoni;
– mtunzi, mwimbaji, na wapiga vyombo wanaojulikana;
– mahali na mwaka wa kurekodiwa, na kama mwaka haujulikani, tukio la karibu linaloukadiria;
– aliyetoa maelezo, na aliyetoa ruhusa;
– mambo yasiyofaa kusemwa au kusikika hadharani.

Kipengele cha pili kina uzito wa kisheria pia. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi na mwimbaji kuwa na haki katika kazi zao. Wimbo unaorushwa kama «wa kale, mtunzi hajulikani» hauwezi kumlipa mtu. Mtangazaji anayetafuta jina la mtunzi hadi akalipata anamtengenezea mjane au mtoto wake njia ya kudai kilicho chake.

«Lakini watu hawautaki»

Hapa ndipo pingamizi kubwa lilipo, na lina ushahidi wake. Mwaka 1952 B. V. Keskar alikuwa waziri wa habari wa India, na aliamini kwamba redio ya taifa lazima ifundishe wananchi muziki wa klasiki. Nyimbo za filamu zikabanwa katika redio ya serikali, na raga zikajaza ratiba. Wasikilizaji hawakubishana naye, waligeuza kitufe tu. Radio Ceylon, ya kisiwa jirani, ilirusha nyimbo za filamu kwa Kihindi, na kipindi cha Binaca Geetmala kilichoanza mwaka huohuo wa 1952 kikiongozwa na Ameen Sayani kikapata wasikilizaji kotekote India. Mwaka 1957 serikali ya India ilianzisha Vividh Bharati, huduma ya burudani, ili kuwarudisha watu wake.

Wenye vituo huusoma mkasa huu kama hukumu: muziki wa kale hauuziki. Mimi nausoma tofauti. Keskar aliondoa kilichopendwa akaweka kisichoelezwa. Hakuongeza mlango, alifunga mmoja na kumsukuma mtu kwenye mwingine. Sayani, kwa upande wake, hakushinda kwa nyimbo peke yake, maana nyimbo zile zilipatikana sinema kila siku. Alishinda kwa namna ya kuongea na msikilizaji kama anamjua. Mbinu yake ndiyo mtangazaji wa muziki wa kale anayoikosa, na hakuna sheria inayomkataza kuitumia.

Tena kuna ushahidi wa upande wa pili. Umm Kulthum aliimba kwenye redio rasmi ya Misri siku ilipofunguliwa, 31 Mei 1934, na baadaye matamasha yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi yakarushwa moja kwa moja kwa miaka mingi. Wimbo mmoja ungeweza kwenda saa nzima. Kwa hesabu za wauza matangazo wa leo hilo ni kosa kubwa, lakini mitaa ya Cairo na miji mingi ya Waarabu ilikuwa ikikaa kumsubiri. Alikuwa na kipaji kisicho na mfano, ndiyo. Alikuwa pia na siku iliyojulikana. Vipindi vyetu vya muziki wa kale mara nyingi huhamishwa kila mpira unapoingia, kisha vikikosa wasikilizaji lawama hutupiwa muziki.

Mtwara inaanzia wapi

Unguja ina taarab iliyorekodiwa tangu miaka ya 1920, na Dar es Salaam ina rafu za RTD. Muziki wa nyanda za Ruvuma ulirekodiwa kidogo sana ukilinganisha na wingi wake, kwa hiyo mtangazaji wa Mtwara hana rafu kubwa ya kuanzia. Hili laweza kuonekana kama sababu ya kutoanza. Kwangu ndiyo sababu ya kuharakisha, kwa kuwa hapa mtangazaji na mrekodi watakuwa mtu mmoja, na wanaojua bado wapo Mikindani, Naliendele, Msimbati na vijiji vya bonde la mto Ruvuma.

Kurekodi ngoma kuna ufundi wake, na simu iliyonyanyuliwa juu katikati ya watu haiwezi kuumaliza. Ngoma kubwa ina nguvu ya kuzima kila kitu. Kinasa sauti kikiwekwa karibu nayo, utapata mtutumo tu, na ngoma ndogo zinazobeba mazungumzo yenyewe zitasikika kama mvua ya mbali. Mrekodi mzuri hukaa kwanza bila kuwasha chombo, akajua ngoma ipi inaongoza, mwanzishaji wa wimbo anasimama upande gani na wanaoitikia wako wapi. Kisha huomba kila ngoma ipigwe peke yake kwa muda mfupi, na mpigaji aeleze anachokifanya. Dakika hizo chache za ngoma mojamoja, zikirushwa kabla ya wimbo kamili, hufanya kazi ileile ya piano ya Haas: msikilizaji wa Magomeni au Tandahimba anaanza kuzitambua sauti ndani ya sauti.

Kuna pia suala la mto huo, ulio mpaka wetu na Msumbiji. FM ni masafa yanayosafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hayaendi mbali kama masafa ya kati na mafupi ya zamani, lakini kwa makumi ya kilomita hayajui mpaka. Kimakonde kinasemwa pande zote mbili za Ruvuma, na Kimwani cha pwani ya Cabo Delgado kina undugu wa karibu na Kiswahili. Mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ina mabingwa wake Msumbiji. Historia ya redio kuvuka mto huu nayo si ngeni: wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza Septemba 1964, chama cha wapigania uhuru wake, FRELIMO, kilirusha matangazo yake kutoka Radio Tanzania, Dar es Salaam. Kipindi cha muziki cha Mtwara kitakachomtaja mpiga ngoma wa ng'ambo kwa jina lake na kijiji chake kitapata wasikilizaji wawili kwa gharama ya mmoja.

Pingamizi zito kuliko yote hapa si la fedha. Ni la heshima. Nyimbo nyingi za kusini zinatoka jandoni na unyagoni, na wenyewe hawakuzitunga zisikike na kila mtu. Je, kumtuma mtangazaji mwenye kinasa sauti si kuvunja miiko? Inawezekana kabisa, akitumwa asiyejua kuuliza. Lakini tazama hali ilivyo sasa: mtu yeyote aliyepita kwenye shughuli anaweza kurekodi kwa simu na kusambaza usiku huohuo, bila jina, bila ruhusa, bila kujua alichokichukua. Mtangazaji mwenye kadi zake humwendea kungwi au ngariba kwanza, akaambiwa wimbo upi ni wa sebuleni na upi ni wa ndani. Ule wa ndani ataurekodi ikiwa tu wenyewe wanataka uhifadhiwe, na hautakwenda hewani. Kituo kinachojulikana kwa kukataa kurusha visivyoruhusiwa ndicho wazee watakachokikabidhi vinavyoruhusiwa.

Fedha ni ngumu, lakini si kitendawili. Mtwara ina msimu wake: minada ya korosho kuanzia Oktoba hadi Desemba, fedha zikiwa mikononi mwa watu, na wafanyabiashara wakitaka kusikika vijijini kuliko wakati mwingine wowote. Mdhamini mmoja wa msimu huo anaweza kubeba kipindi cha saa moja kwa wiki hadi masika, ilimradi ameelezwa mapema kwamba analipia siku na saa isiyohamishwa. Nyimbo za kuanzia zipo: taarab za Mikindani zinazopigwa harusini, marimba, sindimba ikielezwa ngoma kwa ngoma, na zilipendwa zenye majina ya wapigaji. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye subira, anayelipwa pia kwa ile siku ya maandalizi na si kwa ile saa ya hewani peke yake, na kompyuta ya kituo yenye nakala mbili za kila anachokusanya, moja ikikaa nje ya jengo la studio.